Wifi Yangu na Nyota Isiyopumua

Wifi yangu hawezi kuingia kwenye chumba cha watu bila kutazama taa kwanza. Atasalimia, ataketi, ataulizia watoto, lakini jicho limekwisha kwenda darini. Kazi imemharibu. Tangu amalize chuo hajafanya nyingine ila kupima mwanga, na mwanga wenyewe ni wa nyota, ambao ukifika kwenye darubini ya kituo chao huwa umetembea tangu kabla babu zetu hawajazaliwa.

Ni mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu. Mama mkwe alifariki huyu akiwa bado anajifunza kusoma, mume wangu akamlea kama binti yake, nami nilipoolewa nikamkuta humo ndani: msichana mwembamba mwenye miwani, akinikagua juu hadi chini kama aliyetumwa kuthibitisha mzigo. Tumeishi nyumba moja tangu hapo. Tumegombana, tumetaniana kama mawifi wanavyotaniana, tumemzika Mwalimu pamoja. Mwalimu ndivyo watu wote walivyomwita mume wangu, na ilikuwa ikisemwa mtaani, "Kama Mwalimu kasema, usiulize tena." Jina hilo ndilo alilotuachia. Nyumba ina nyufa, bati linavuja juu ya jiko, lakini jina lilikuwa zima.

Kituo chao kiko juu ya kilima nje ya mji, mbali na taa za barabarani. Watu wakisikia mwanamke anafanya kazi ya nyota hudhani anapiga ramli. Fundi viatu wa pale kona hakuacha kumchokoza.

"Dada, hebu niangalizie nyota yangu. Mbona riziki imekwama?"

"Nyota yako nimeiona, kaka," wifi humjibu. "Inasema umalize kwanza viatu vyangu ulivyovikalia."

Ukweli ni kwamba hata darubini yenyewe huigusa kwa nadra. Darubini hupiga picha usiku, ikiongozwa na kompyuta, na yeye huzikuta picha asubuhi. Chumba chake ni kidogo, kina pazia zito, skrini mbili na feni inayolalamika. Kwenye picha hizo anga ni jeupe na nyota ni nukta nyeusi, kwa sababu wao huzigeuza rangi ili jicho lisichoke. Wifi huizungushia kila nukta duara, kompyuta humwambia mwanga uliomo ndani ya duara, kisha hutoa mwanga wa anga lililoizunguka, kama mtu anayepima sukari na kutoa uzito wa mfuko. Kinachobaki ndiyo nyota.

Mimi nimesoma, sikujivunia ujinga hata siku moja, kwa hiyo nilimuuliza mapema kabisa: anajuaje kwamba nyota imebadilika? Tulikuwa tunakula, na umeme ulikuwa umepungua nguvu, taa ya sebuleni imekuwa nyekundu kama kaa.

"Wifi," akasema, "taa yako ikififia hivi, utajuaje kama ni balbu inakufa au ni umeme?"

"Nitachungulia kwa jirani."

"Na ukikuta yake imefifia pia?"

"Ni umeme. Ikiwa yake inang'aa, balbu yangu imechoka."

"Basi kazi yangu umeshaijua. Kesho njoo unishikie zamu."

Hewa yetu, akanieleza, ni kama umeme wetu, haiaminiki. Vumbi, mvuke, wingu jembamba ambalo hata hulioni, vyote hufifisha nyota. Kwa hiyo kila nyota inayochunguzwa hupewa jirani, nyota ya karibu nayo inayojulikana kuwa haibadiliki. Zikififia zote mbili, ni hewa. Ikififia moja, basi nyota hiyo ina habari yake yenyewe. Na katika habari hizo wataalamu wameujua ulimwengu. Nyota inayofifia kidogo kisha ikarudi, kila baada ya muda uleule, pengine ina kitu kinachopita mbele yake. Nyingine huvimba na kusinyaa kama kifua cha mtu aliyelala, na kwa aina fulani za hizo urefu wa pumzi humwambia mpimaji ukubwa halisi wa mwanga wake. Akiulinganisha na kidogo kinachotufikia, anajua nyota iko mbali kiasi gani. "Hakuna aliyekwenda huko na kamba ya kupimia," alisema wifi. "Kila tunachokijua, tumekijua kwa kulinganisha."

Pale kituoni walikuwa na jirani mmoja waliyemwamini kuliko wote. Wakampa jina la Mnara, kwa kuwa hakuyumba. Mfanyakazi mpya alionyeshwa Mnara siku ya kwanza, kama anavyoonyeshwa choo kilipo. Kanuni ya kazi inataka majirani kadhaa, ili mmoja akidanganya wenzake wamuumbue. Lakini upande ule wa anga nyota nyingine ni hafifu na vipimo vyake hutetereka, basi ikawa desturi ya kituo kusema Mnara peke yake anatosha. Wakuu walimtumia na vijana wakamrithi. Aliyeuliza alijibiwa, "Mnara habadiliki."

Kisha ikaja kamera mpya, kali kuliko ile ya zamani, na wifi yangu akaona jambo. Nyota moja ndogo, karibu na Mnara, ilikuwa inapumua. Pumzi yenyewe ilikuwa ndogo mno, lakini ilipanda na kushuka kwa mpango. Akaifuatilia msimu mzima. Mkuu wa kituo, bwana mpole wa suti ambaye ametumia maisha yake yote kwenye anga la upande uleule, alifurahi akaandika taarifa kwa wenzake wa mbali. Redio ya mji ikaja na kipaza sauti chake.

Siku ile redio ilipomtangaza, sebule yangu ilijaa. Majirani waliketi hadi kwenye mikono ya makochi. Sauti ya wifi ilipotoka kwenye redio, yeye mwenyewe alikimbilia jikoni. Mimi nilibaki nikimimina chai, nikipokea pongezi kama vile nyota niliizaa mimi. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba mkwe, akapiga simu kutoka mbali. Kwa kuwa masikio yake yamekwisha, tulipigiana kelele.

"Wataiita jina la ukoo wetu?"

"Wanalishughulikia, Baba!" nikasema. Hakuna aliyekuwa akilishughulikia.

Kituo kikapanga siku ya wageni. Wataalamu wa nje wangekuja, wakubwa wa mji wangekuja, na wifi angesimama mbele kupewa mkono. Nikamshonea nguo.

Nguo ilikuwa bado kwa fundi aliporudi nyumbani mchana, jambo asilolifanya kamwe, akaketi jikoni na mkoba ukiwa begani.

"Wifi, unaumwa?"

"Afadhali ningeumwa."

"Wamekufukuza?"

"Bado."

Nikazima jiko. Akaniambia taratibu, akitazama meza. Asubuhi ile alikuwa anaandaa picha za kuwaonyesha wageni, akataka kuweka nyota nyingine ya kawaida kando ya ile yake, nyota isiyo na lolote, ili tofauti ionekane. Akaipima kwa Mnara. Nayo ikapumua.

"Si ni neema?" nikasema. "Sasa unazo mbili."

"Zinapumua kwa mpigo mmoja, wifi. Watu wawili wasiojuana wakikohoa kwa mpigo mmoja, usiwape dawa. Tafuta moshi."

"Na moshi ni nini?"

"Mnara."

Ilinichukua muda kuelewa, kisha nikaelewa kupita kiasi. Nyota yake ilikuwa imetulia siku zote. Aliyekuwa akivimba na kusinyaa ni yule jirani. Mnara aking'aa zaidi, nyota inayolinganishwa naye huonekana imefifia. Akififia, huonekana imeng'aa. Kamera ya zamani haikuwa na macho ya kuliona hilo.

"Nimempima mtu kwa fimbo inayorefuka na kufupika," alisema, "halafu nikaenda redioni kutangaza kwamba mtu ndiye anayerefuka."

"Lakini wote pale walimtumia Mnara."

"Wote hawakwenda redioni. Kuongeza jirani wa pili kungenichukua asubuhi moja tu. Niliona uvivu. Hapana, si uvivu. Niliipenda nyota ile. Sikutaka kumuuliza mtu mwingine habari zake."

Akavua miwani akaufunika uso kwa viganja. Nimemwona akilia msibani, lakini sikuwahi kumwona akijificha. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Nani anajua?" nikauliza.

"Wewe."

"Basi tutakwenda kwa mkuu wako, tutamwambia kwa heshima, ndani ya ofisi, mlango umefungwa. Siku ya wageni itapita. Usije ukatuvua nguo hadharani."

"Mficha uchi hazai, wifi."

"Kwa umri wetu nani anazaa hapa? Kanawe uso."

Tulikwenda wote wawili, mimi nimevaa kama mzazi aliyeitwa shuleni. Mkuu alimsikiliza, akafunga mlango, akaketi mwenyewe kwenye skrini. Alipima nyota moja, akapima nyingine. Nilimwona mgongo ukilegea kidogo kidogo ndani ya suti.

"Umejua lini?"

"Leo, mkuu."

"Wageni wameshaanza safari." Alisema hivyo kama anayesoma tangazo ukutani. Kisha akageuka. "Tutasema kipimo bado kinahakikiwa. Huo si uongo."

"Si uongo hata kidogo," nikadakia.

Alinitazama kwa shukrani. "Wewe utasimama, utashukuru, utaketi," akamwambia wifi. "Mengine niachie. Baada ya hapo tutalirekebisha taratibu, kwa njia zetu."

Wifi alikuwa akifuta miwani ambayo ilikuwa safi. Mimi ndiye niliyeshukuru, nikapeana mkono na mkuu, nikateremka kilima nikiamini jambo limekwisha.

Siku ya wageni jua lilikuwa kali. Nje ya ukumbi walikuwa wameweka darubini ndogo iliyoangaza picha ya jua kwenye karatasi nyeupe, watu wapange foleni kulitazama bila kuumia macho. Baba Mkubwa alikuwa amesafiri na koti lake la harusi. Aliinama juu ya karatasi, akaona madoa meusi kwenye duara la jua, akashtuka.

"Kumbe hata hili lina chunjua!"

"Ni sehemu zenye joto dogo kuliko nyingine, mzee," mfanyakazi mmoja wa kituo akamwambia.

"Eti?"

"Joto dogo!"

"Mimi sina joto, niko sawa," akajibu Baba Mkubwa, akavuta koti. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa na furaha siku ile. Nilimketisha kiti cha mbele, nikaketi kando yake, wifi akiwa jukwaani ndani ya nguo niliyomshonea.

Mkuu aliongea vizuri. Alisema kipimo kinahakikiwa, akakipita haraka kama mtu anayeruka dimbwi, akamwita wifi. Wifi alisimama, akashika kipaza sauti mbali na mdomo, akasema maneno machache ambayo hakuna aliyeyasikia. Ukumbi ukapiga makofi. Nami nikapiga. Nilidhani ameshukuru.

Hakuketi. Alisubiri makofi yaishe, na yalikawia, kwa sababu kila akiinua mkono kuyazuia watu walidhani anawapungia. Uso wake ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyepigwa kofi. Hatimaye akasogeza kipaza sauti.

"Nimesema hivi," akasema, na safari hii alisikika hadi mlangoni. "Nyota niliyowatangazia haipumui. Nilikosea. Niliipima kwa jirani mmoja, na jirani huyo ndiye anayebadilika. Ningeweza kumwangalia, sikumwangalia. Naomba msiendelee kuisema habari ile."

Hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaacha. Mkuu alikuwa akitazama chupa ya maji.

Ndipo Baba Mkubwa akanigeukia, na mtu asiyesikia hajui kunong'ona.

"Amesema nini?"

"Nitakueleza nyumbani, Baba."

"Eh?"

"Nyumbani!"

"Amesema nyumbani? Kwa nini watu wamenuna? Niambie, nimetoka mbali!"

Ukumbi mzima ulikuwa ukitutazama. Nami nilikuwa mwalimu, nimesimama mbele ya madarasa na mbele ya mawaziri bila sauti yangu kutetemeka. Nikainamia sikio lake, lakini sikio lile halisaidiwi na kuinama, ilibidi nipige kelele.

"Amekosea, Baba! Nyota haipumui! Alikosea kupima!"

"Alikosea?"

"Alikosea!"

"Binti yetu?"

"Ndiyo, Baba!"

Akaketi vizuri, akaweka mikono juu ya fimbo yake. "Aa," akasema.

Mmoja wa wageni, mama wa makamo mwenye nywele fupi, alinyoosha mkono kutoka safu ya wataalamu. Hakuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia: je, ni nyota gani nyingine zilizopimwa kwa jirani huyohuyo? Wifi alimgeukia mkuu. Mkuu akanyanyua macho kutoka kwenye chupa.

"Nyingi," akasema. "Zangu karibu zote."

Hapo ndipo wifi alipoinamisha kichwa. Aibu yake alikuwa amejiandaa kuibeba, ya mkuu hakuwa amejiandaa. Akashuka jukwaani akikosea ngazi, na hakuna aliyemshika mkono, hata mimi, maana Baba Mkubwa alikuwa ameushika wangu.

Ndani ya teksi Baba Mkubwa akasema, "Marehemu angesema nini?"

Wifi akajibu, akitazama dirishani, kwa sauti ambayo mzee aliisikia: "Angenirudishia daftari nisahihishe."

Kusahihisha ndiko anakofanya sasa. Kila nyota iliyopimwa kwa Mnara inapimwa upya, kwa majirani wengi, wale hafifu, kwa subira. Baadhi ya kazi za mkuu zimesimama, baadhi zimeanguka. Mkuu humsalimia, hamuulizi kitu. Wakati wa chai wenzake huhamia meza nyingine, si kwa chuki, ila mtu aliyekuonyesha ufa wa nyumba yako ni vigumu kunywa naye chai. Nilimwambia aombe uhamisho. Akasema atakayekuja baada yake hatajua ni zipi zimekwisha.

Lakini lililotumaliza sisi ni redio. Ile redio iliyokuja mbio kutangaza habari haikurudi kuitengua. Waliokuwa ukumbini ni wachache, mji mzima bado unamjua kwa nyota inayopumua. Kwa hiyo pongezi haziishi, na kila pongezi ni aibu mpya, na wifi yangu haipokei hata moja.

"Dada wa nyota!" fundi viatu humwita. "Inaendeleaje kupumua?"

"Haipumui, kaka. Nilikosea."

"Aa, unyenyekevu huo!"

"Si unyenyekevu. Nilikosea kupima."

"Sasa nyinyi mnaajiriwa kukosea? Mimi nikikosea kisigino nafukuzwa kwa mawe."

Hapo hucheka fundi peke yake. Muuza duka ameshaambiwa. Jirani wa ukuta wa nyuma ameshaambiwa, akaja kunipa pole kama kuna matanga. Nilimwambia wifi mara nyingi: sema ahsante, tupite, nani anakudai maelezo?

"Nikisema ahsante," alinijibu, "nitakuwa nimeitangaza tena. Mara hii nikijua."

Juzi alinisindikiza zahanati kupimwa presha. Muuguzi kijana alitazama kadi yangu, akaona jina, akamwona aliyekuwa nyuma yangu, akapiga ukelele wa furaha. Akawaita wenzake wawili. "Njooni muone! Huyu ndiye yule wa redio! Marehemu Mwalimu alimfundisha baba yangu, na huyu ni mdogo wake, aliyeigundua nyota!" Wakasimama mlangoni, wote wanatabasamu.

Niliyaona masikio ya wifi yakibadilika rangi. Nilimsikia akivuta pumzi, na nilikijua kinachofuata, neno kwa neno, na jinsi atakavyolisema akitazama sakafu. Nikamtangulia.

"Si hivyo, binti yangu," nikasema. "Nyota ile haikuwa na kitu. Alikosea kupima, akasema mwenyewe mbele ya watu. Waambie na nyumbani kwenu."

"Oh," akasema muuguzi. "Pole, mama."

Wale wa mlangoni wakakumbuka kazi zao. Muuguzi akanifunga mkono kwa ule mkanda wa kupimia, macho yake yako kwenye mkanda. Uso ulikuwa unaniwaka hadi shingoni. Wifi alivuta kigoda akaketi kando yangu, akaupakata mkoba wangu, na hakuna kati yetu aliyetazama juu hadi tulipoitwa dirisha la dawa.